Mke Si wa Safari za Msiba Tu

Waume Wakristo wa Mwanza tuna desturi moja ambayo sijapata kuisikia ikikemewa mimbarani. Hatusafiri na wake zetu. Kusafiri tunasafiri, tena sana: kikazi, kibiashara, kwenye mikutano ya kanisa, mnadani, hata kufuata mpira. Wake zetu nao husafiri: kwenda kumuuguza mama, kumpeleka mtoto shule ya bweni, kuhani. Lakini ukitaka kumwona mume na mke wa jiji hili wamekaa katika gari moja kwa saa nne mfululizo wakielekea mahali pamoja, subiri mtu afe.

Msomaji asidhani natia chumvi. Aweke kitabu hiki chini kidogo ajihesabie mwenyewe. Ni lini mara ya mwisho yeye na mwenzake walipita Kisesa kwa upande wa Musoma, au Usagara kwa upande wa Shinyanga na Geita, pasipo jeneza wala kadi ya harusi kuwatangulia? Nimeuliza swali hili kwa watu wengi ninaosali nao. Wengine hucheka, wengine hukasirika. Wanaokasirika ndio wanaonipa moyo wa kuandika.

Sina ugomvi na misiba. Kuzikana ni utu, na siku tutakapoacha kuzikana tutakuwa si watu tena. Ila kuna jambo lilinipata katika msiba mmoja ambalo sijaweza kuliweka chini. Tulikuwa tunampeleka mke wa mzee mmoja wa kanisa kwenda kuzikwa kwao, wilayani Ngara. Jeneza lilikuwa kwenye gari la mbele, sisi tukifuata kwa Coaster mbili. Tulipofika Biharamulo tukasimama watu wanyooshe miguu. Yule mzee akasogea karibu nami, akaitazama barabara ilikotoka na inakokwenda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi: “Unajua hii ndiyo mara ya kwanza nakwenda na mama kwao?”

Walikuwa wameishi katika ndoa miaka 24. Mahari alipeleka yeye na baba zake wadogo. Bibi harusi akaja na shangazi zake. Baadaye watoto wakazaliwa, na kila mama alipotaka kwenda kuwaona wazazi, alipewa nauli, akasindikizwa mpaka stendi, akatafutiwa kiti kizuri cha dirishani. Mume alikuwa na kazi, na kazi haina huruma. Hapa ndipo ninapotaka nisieleweke vibaya. Mtu huyu hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, ada za shule alilipa, sala ya jioni nyumbani kwake haikukosa. Ningekuwa na binti wa kuoza siku zile ningemwozesha kijana wa aina yake. Naandika kwa sababu alikuwa mume mwema. Mume mbaya ana wa kumkemea. Huyu mwema, mwenye kumkatia mkewe tiketi miaka 24, nani atamwambia neno?

Kanisa halimwambii. Kanisa lina shughuli na harusi. Sote tunajua namna zinavyoendeshwa: kamati huundwa miezi mitatu kabla, mwenyekiti, katibu, mhazini, kikao kila Jumapili baada ya ibada, na kundi la WhatsApp la kukumbushana ahadi. Halafu hutolewa kadi za aina mbili, singo na dabo. Singo ni ya mtu mmoja, dabo ni ya mume na mke, na dabo ina bei yake. Basi mzee wa kanisa mwenye hekima ya fedha huchukua singo. Mke hubaki nyumbani na watoto. Mume huketi ukumbini peke yake, mbele ya kuku na soda, akisikiliza wosia kwamba tangu leo hawa si wawili tena. Anapiga makofi. Nimewahi kutazama meza niliyoketi katika ukumbi mmoja nikahesabu waume wanane na wake wawili. Na wote wanane walikuwa na la kuwausia maharusi.

Halafu kuna semina za ndoa. Wanaume huketi upande huu, wanawake upande ule, kila mmoja na daftari lake. Mnenaji mmoja aliyealikwa kutoka mbali alitufundisha siku tatu juu ya mume na mke kutengeneza muda wao wenyewe. Alifundisha vizuri, sina neno. Wakati wa chai nikamuuliza, kwa heshima, mama mchungaji hajambo, amekuja naye? Akasema amebaki na watoto. Nikamuuliza ni semina ya ngapi mwaka ule. Akahesabu, akafika ya kumi na moja.

Sasa nauliza: desturi hii tumeitoa wapi? Katika Biblia haimo. Humo safari ya mume na mke ni jambo la kila mahali. Ibrahimu alipotoka Harani akiwa na miaka 75 hakumwacha Sara nyuma mpaka mambo yatengemae, alitoka naye. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na mwaka mtoto alipokuwa na miaka 12 wakatembea siku nzima wakidhani yumo katika msafara, kumbe hayumo. Wakarudi wote wawili. Wakamtafuta wote wawili. Ingekuwa ni sisi, baba angesema ana kikao, mama arudi kumfuata mtoto wake, na nauli angetumiwa kwa simu. Akila na Prisila walifukuzwa Rumi pamoja, wakashona mahema Korintho pamoja, wakapanda merikebu na Paulo kwenda Efeso pamoja, na walipomchukua Apolo wakamweleza njia kwa usahihi zaidi, mke alikuwapo akifundisha. Huwezi kumkuta mmoja wao akitajwa mahali bila mwenzake.

Na liko lile la Paulo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, ambalo wahubiri wetu hulipita haraka kama gari linalopita kituo cha polisi. Paulo anauliza kama yeye hana haki ya kusafiri na mke aliye mwamini, kama wafanyavyo mitume wengine, na ndugu zake Bwana, na Kefa. Kefa ni Petro. Maana yake Petro, mvuvi, mtu wa ziwa kama sisi, alikuwa akienda kuhubiri na mkewe. Hakumpa singo. Ndugu zetu Wakatoliki wana mapadre wasiooa, na hilo ni jambo lao na Mungu wao. Lakini wachungaji wetu wameoa, na haki ambayo Paulo aliitetea kwa maandishi wameitupa bila hata kuulizwa.

Pengine utasema kusafiri pamoja ni starehe tu, si jambo la imani. Ngoja nikueleze kwa nini nasema ni la imani.

Desemba 2011 tulikuwa tukienda Bukoba kwa mama mkwe, na watoto wetu watatu, katika Toyota yangu ya zamani ambayo mafundi wa Mabatini wanaijua kuliko ninavyoijua mimi. Kutoka Mwanza unakwenda mpaka Usagara, unakata kulia, unafika Kigongo, na hapo miaka ile ndipo safari iliposimama. Kivuko kilikuwa kimoja kinachofanya kazi siku ile, na foleni ilikuwa imerudi nyuma hata maji hatuyaoni. Watoto wakashuka kwenda kununua mahindi ya kuchoma. Tukabaki wawili, tumekaa mbele, madirisha wazi, tukitazama nyuma ya lori la mbele yetu. Saa moja ikapita, ya pili ikaingia.

Mke wangu akasema, bila kugeuka: “Baba Neema, nilipopoteza ile mimba nilimnunia Mungu.”

Mimba ile ilikuwa ya mwaka 2006, ya miezi saba. Akaniambia kwamba kwa miaka miwili baada ya hapo hakuomba. Kwenye sala ya nyumbani alifumba macho akanyamaza. Na miaka hiyo yote miwili alikuwa katika kwaya, sauti ya kwanza, kila Jumapili, na watu walikuja kumshika mkono baada ya ibada wakimshukuru kwa kubarikiwa. Nikamuuliza aliwezaje kuimba. “Sauti ilikuwa inatoka yenyewe,” akasema. Nikamuuliza, na sasa? Akafikiri kidogo. “Sasa tunasalimiana.”

Watoto wakarudi na mahindi. Lori la mbele likawasha.

Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika haya, naye amenipa kwa sharti kwamba nisiongeze. Siongezi. Nauliza tu: jambo hili lingesemwa wapi kwingine? Semina alihudhuria zote, na daftari lake lina mwandiko mzuri kuliko langu. Wazee wa kanisa walitutembelea baada ya ule msiba, wakaomba, wakanywa chai. Nyumbani kwetu tulikuwapo wote wawili kila usiku kwa miaka mitano. Lakini nyumbani maji yanakatika, mgeni anabisha hodi, simu inaita, mtoto ana homa, na mimi nina uhuru wa kuinuka na kutoka nje. Ndani ya gari hakuna anayetoka. Zaidi ya hapo, garini mnatazama mbele. Wengi wetu wa kanda hii tulilelewa kwamba neno zito halisemwi kwa kukodoleana macho. Mke hamwambii mumewe la moyoni huku amemkazia uso. Watu wa semina hutuambia tutazamane. Mimi nasema tukae bega kwa bega, tutazame barabara, na ukimya uwe mrefu hata uchoke wenyewe.

Tangu Juni 2025 pale Kigongo pana daraja, linaloitwa kwa jina la Rais Magufuli, kama kilomita 3 juu ya maji mpaka Busisi. Unavuka kwa dakika chache. Nakiri kwamba nilipolivuka mara ya kwanza nilikumbuka foleni kwa namna fulani, lakini huo ni ujinga wa mtu asiyewahi kuwa na mgonjwa kitandani akisubiri kivuko usiku. Daraja ni jema. Na ubora wake mwingine ni huu: limetuondolea kisingizio. Miaka yote wanaume wa Mwanza wenye wake wa Geita, Chato, Muleba na Bukoba walisema, ningekwenda, ila kile kivuko! Haya. Kivuko hakisumbui tena. Sasa semeni kingine.

Najua watasema fedha. Nawajibu kwamba wanaosafiri na wake zao kuliko wote katika mkoa huu ni maskini. Pita barabara ya Magu asubuhi ya siku ya gulio umwone mkulima wa pamba juu ya baiskeli, mke kakaa nyuma kwenye keria kwa upande, mtoto mgongoni, kuku wananing'inia kwenye usukani. Wanazungumza njia nzima. Ukipunguza mwendo unawasikia wakicheka. Huyo hana gari. Wenye magari ndio tunaopita kwa kasi peke yetu tukimpigia honi atupishe. Wala si lazima kwenda mbali. Bujora iko pale Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini, na kanisa lake lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, na makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Kuna watu wameishi Mwanza miaka 20 wakila, wakioa na kuzika, hawajawahi kumpeleka mke wao kuona ngoma za watemi. Kisiwa cha Saanane ni dakika chache kwa boti. Mwaka 1858 Speke alitembea kwa miguu kutoka Tabora, rafiki yake Burton akiwa mgonjwa kitandani, aje kuliangalia ziwa hili. Mke wa mtu wa Buhongwa huliona akienda kununua sato.

Wengine watasema hatari, na hawa siwezi kuwadharau. Anayetoka Mwanza kwenda Musoma hupita Igoma, na Igoma ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa katika MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Kuna nyumba zilifungwa kabisa, baba, mama na watoto kwa siku moja. Tangu hapo wazee wengi wa kwetu husema familia nzima isipande chombo kimoja, na baada ya MV Nyerere kupinduka kule Ukara mwaka 2018 neno hilo likapata nguvu upya. Lina uchungu ndani yake na nalisikia. Lakini angalia tunalitumia lini. Kwenye msiba tunajazana katika Coaster moja, baba, mama, watoto, na mama mkwe kwenye kiti cha kukunja, usiku kucha, dereva asiyelala, na hapo hakuna mzee anayetukumbusha. Hatari huonekana pale tu safari inapokuwa ya furaha.

Nimeambiwa pia kwamba kutembea na mke ni uzungu. Hili huniudhi. Mtu anayelisema aende maktaba akaazime riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Mkatoliki aliyesomea seminari ya Rubya, aliyeimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Inahusu mume na mke wasiopata mtoto. Ndugu za mume wanamsema mwanamke, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hakutafuta mwingine. Alifunga safari kwa miguu kumfuata Bugonoka kwa wakwe, akatozwa mitungi ya pombe ya ndizi, akaenda akaitafuta, akaileta. Kitereza mwenyewe alizeeka na mke mmoja, na hawakubaki na mtoto. Hayo ni ya pwani hii ya ziwa, kabla ya lami, kabla ya semina. Uzungu uko wapi? Kama kuna kitu tulichokiokota kwa wazungu ni cheo kinachomfanya mtu asafiri na begi la ngozi badala ya mkewe.

Lililobaki ni lile linalosemwa nyuma ya mgongo: amekaliwa. Mwanaume anayeonekana na mkewe kila safari amekaliwa, amelishwa kitu, hana sauti nyumbani. Nimeitwa hivyo, na sitajitetea. Ila nitasema neno juu ya kiti cha mbele, maana hapo ndipo ugonjwa huonekana wazi. Mume akipata bahati ya kusafiri na familia, na njiani akatokea rafiki wa kiume anayeomba lifti, mke huhamia nyuma bila kuambiwa. Ameshajifunza. Akibebana na watoto na ndoo ya michembe, husikiliza mazungumzo ya mbele kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilikwisha kumkatalia lifti mtu mmoja pale Lamadi, mtu mwenye heshima zake, kwa sababu alifungua mlango wa mbele kabla hajamsalimu mama. Nikamwambia nyuma kuna nafasi. Akachagua kusubiri basi. Kutoka hapo mpaka Bunda, tukiyapita lango la Ndabaka na nyani wake walioketi kando ya lami kama wazee wa baraza, mke wangu alikuwa akinilaumu kwa kumwaibisha mtu, nami nikisikiliza kwa raha sana, maana alikuwa akinilaumu kutoka kiti cha mbele.

Wachungaji wetu wana mimbara na wana masikio yetu kila Jumapili. Mwaka mmoja tu, fedha ya semina ya ndoa isiende kwa mnenaji na ukumbi. Ikatwe tiketi mbili mbili. Mzee wa kanisa na mkewe wapande basi Nyegezi waende mahali wasipo na ndugu wa kufikia, walale siku mbili, warudi. Wasiombwe ripoti. Na mchungaji aanze yeye, watoto walale kwetu.

Kwa upande wangu nimeanza na harusi. Mwezi uliopita nilipelekewa fomu ya ahadi kwa ajili ya kijana wa jirani anayeoa binti wa Kibondo. Nikaandika: tiketi mbili za basi, kwenda na kurudi, zitumike mwezi wa sita baada ya ndoa, mume na mke waende kwa wakwe pamoja, mikono mitupu au na mbuzi, wapendavyo. Katibu wa kamati alinifuata nyumbani jioni ile ile na daftari kwapani. Akaniambia, mzee, tumepokea kwa shukrani, lakini daftari lina safu ya fedha taslimu, safu ya vyakula na safu ya vinywaji. Safu ya tiketi haimo.

Nikamwita Neema alete rula.